Shajara ya mradi: mnara wa Kentmere na nyumba iliyouegemea

Jumamosi, 11 Januari

Leo nimeleta nyumbani kipande cha plaiwudi, sentimita 60 kwa 45, nikakiweka juu ya meza ya kulia chakula. Mke wangu ameuliza tutakula wapi. Nimemwambia avumilie mpaka Pasaka. Hakucheka.

Mradi wenyewe ni huu: kujenga mfano mdogo wa mnara wa mawe wa karne ya 14 ambao baadaye ulikuja kuwa sehemu ya nyumba ya mkulima. Kipimo ni 1 kwa 50, yaani mita moja ya kweli ni sentimita mbili mezani. Nimechagua Kentmere Hall, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, katika eneo lililokuwa likiitwa Westmorland hadi mwaka 1974 na sasa limo ndani ya Cumbria. Kwanza, treni inanifikisha karibu. La pili ndilo kubwa: pale vyote viwili bado vipo. Mnara umebaki gofu lisilo na paa, na nyumba ya shamba imeshikamana nao, ina wenyewe, na kondoo wanafugwa mpaka leo.

Mimi si msanifu wa majengo. Marehemu baba alikuwa mwashi Lamu, na ami yangu bado anashika mwiko. Mimi niliikimbia kazi hiyo, nikaishia Preston, huku Uingereza, ghalani, napakia masanduku kwa zamu. Lakini mkono una kumbukumbu zake.

Jumapili, 12 Januari

Watu wa huku minara ya namna hii huiita pele, ingawa wao hutamka “piil”. Nilipomtajia dada yangu kwenye simu alicheka mpaka akakohoa, maana kwetu pele ni za kukuna. Neno limetokana na Kilatini, palus, yaani mti wa kuchimbia chini. Pele ya mwanzo ilikuwa boma la miti tu. Baadaye jina likahama kutoka uani likapanda kwenye jengo la mawe.

Nimesoma usiku kucha kujua ilijengwa kwa nini. Mpaka wa Uingereza na Scotland haukuwa na usingizi. Baada ya Waingereza kushindwa Bannockburn mwaka 1314, Waskoti waliteremka kusini mara kwa mara, na mwaka 1322 mfalme wao, Robert Bruce, alifika mpaka Lancaster akauchoma mji. Vita vya wafalme vilipopoa, wizi wa mifugo haukupoa. Ulikwenda karibu miaka 300, pande zote mbili zikiibiana, mpaka mwaka 1603 mfalme wa Scotland alipotawazwa pia kuwa mfalme wa Uingereza.

Nilichojifunza ni kwamba mnara huu haukujengwa kupigana na jeshi. Jeshi lingeuzingira wiki mbili na wenyewe wangetoka kwa njaa. Ulijengwa kwa ajili ya usiku mmoja. Mwizi wa ng'ombe hana subira. Akikuta mlango mgumu na watu wako juu na mawe ya kurusha, atakwenda kwa jirani. Wakulima wa huko walikuwa na nyumba zao za aina hiyo, fupi zaidi, ghorofa mbili tu: mifugo chini, watu juu, na ngazi ya kuvutwa ndani. Moja iitwayo Black Middens, huko Northumberland, imetunzwa na mtu anaweza kuingia bure.

Jumamosi, 25 Januari

Safari ya kwanza. Treni mpaka Oxenholme, nyingine mpaka Staveley, halafu kilomita kama sita kwa miguu kufuata Mto Kent. Baridi ya kukata masikio. Bonde linazidi kubana kadiri unavyopanda, kuta za mawe makavu zikikusindikiza kushoto na kulia, mawe yamepangwa bila hata chembe ya chokaa na yamesimama. Baba angesimama kila hatua kumi.

Kentmere Hall iko mbele ya kanisa, chini ya mlima. Ni shamba la watu, kwa hiyo unatazama tu kutoka kwenye njia ya waenda kwa miguu. Sikubisha hodi. Nilikaa juu ya jiwe nikachora kwa saa nzima, mbwa mmoja akinibwekea bila kuchoka.

Kwa macho ya mtu aliyezoea majumba ya wafalme, ni kitu kidogo. Mnara wa ghorofa nne, mraba, mzito, umechoka. Ubavuni pake nyumba ndefu, ya chini, moshi unatoka kwenye dohani. Nikafikiri: hapa mwaka 1517 alizaliwa Bernard Gilpin, kasisi ambaye baadaye watu walimpa jina la Mtume wa Kaskazini. Na leo hapo hapo kuna pikipiki ya magurudumu manne na magunia ya chakula cha kondoo.

Vipimo nimevipata kwa njia ya kihuni. Mlango wa nyumba nimeukadiria mita mbili, nikanyoosha mkono na penseli, nikahesabu milango mingapi inaingia kwenye ukuta. Kwa hiyo mnara wangu wa mezani utawakilisha mita 10 kwa 8, kimo mita 13, ukuta wa chini mita moja na nusu. Mtu akija na kamba ya kupimia akinikosoa, nitamshukuru.

Jambo moja sikuliona kutoka njiani: pale ukuta wa mnara na ukuta wa nyumba vinapokutana. Nimeandika kwenye daftari “haidhuru”.

Jumapili, 2 Februari

Kuta zimesimama. Kiini ni kadibodi, juu yake plasta ya Paris, nami nachora mawe moja moja kwa msumari kabla haijakauka. Ukuta wa milimita 30 kwenye jengo la sentimita 20 unaonekana kichekesho, kama mtoto aliyevaa koti la babake.

Ndipo nikaelewa kwamba ukuta wenyewe ni vyumba. Katika minara hii ukuta haukuwa jiwe tupu. Walijenga nyuso mbili za mawe yaliyochaguliwa, katikati wakajaza kifusi na chokaa. Ndani ya unene huo ndimo walimoficha kila kitu kisichokuwa na nafasi chumbani: ngazi kwenye kona, kabati la ukutani, choo chenye tundu linaloteremka nje, kiti cha mawe dirishani. Chumba chenyewe kikabaki kitupu cha kuwekea meza na kitanda. Nimelazimika kukata na kuchimba kuta zangu tena, maana nilizijaza kama mjinga.

Kwa kulinganisha nimepiga hesabu ya mnara wa Ireland. Mwaka 1429 serikali ya Mfalme Henry VI ilitoa ruzuku ya pauni 10 kwa mtu yeyote wa kaunti nne za kuzunguka Dublin atakayejenga mnara wa futi 20 kwa 16, kimo futi 40. Hiyo ni mita 6.1 kwa 4.9, kimo 12.2. Ikiwa futi hizo ni za nje na ukuta ni wa mita 1.2, chumba cha ndani kinabaki na upana wa mita mbili na nusu. Nimecheka peke yangu. Huo ni upana wa chumba cha Lamu! Kwetu sababu ni boriti: mkoko hauvuki zaidi ya hapo bila kupinda, kwa hiyo nyumba nzima ya mawe hupangwa kwa urefu wa mti. Kwa Waayalandi sababu ilikuwa pauni 10.

Jumapili, 9 Februari

Chini ya mnara wa Kentmere hapana dari la mbao. Pana tao: mawe yamepinda kutoka ukuta huu hadi ule, mfano wa pipa lililopasuliwa kwa urefu likafunikwa kifudifudi. Sababu ni moto. Mtu akivunja mlango wa chini akarundika nyasi kavu na kuwasha, dari la mbao lingeshika na waliokimbilia juu wangebanikwa kama samaki. Tao la mawe haliungui.

Nilihitaji kitu cha kumwagia plasta. Mafundi wa Ireland wa enzi hizo walikuwa na hila nzuri: juu ya kiunzi cha mbao walitandaza mikeka ya fito zilizosukwa, wakatandika chokaa, wakapanga mawe. Kiunzi kikiondolewa, alama za msuko zinabaki darini, na katika minara mingi ya kule bado unaweza kuziona. Nikajiambia, fito sina, ukindu ninao. Kulikuwa na kawa kuukuu alilotutumia mama, ukingo umefumuka. Nimekata kipande, nikakilaza juu ya nusu ya chupa ya soda ya lita mbili, nikaingiza kati ya kuta, nikamwaga.

Saa tano usiku nimesikia kitu kimelia “tak”. Nimewasha taa. Tao liko, lakini ukuta wa kaskazini umefunguka kwenye kona, ufa wa kuingia ukucha. Tao haliketi juu ya ukuta likatulia. Linausukuma nje, siku zote, na ukuta wangu ulikuwa bado mbichi. Kumbe ile mita moja na nusu haikuwa ya kuwazuia Waskoti peke yao. Nusu ya kazi yake ni kulizuia tao lisiutanue mnara wake lenyewe.

Nimebomoa, nimeziba, nimemwaga tena. Safari hii nimepanga kamusi mbili upande mmoja na gunia la mchele la kilo tano upande wa pili.

Jumanne, 11 Februari

Nimetoa chupa, nimebandua ukindu polepole kwa koleo ya nyusi. Nimemulika na tochi ya simu. Darini kuna msuko mzima, kila uchane na mkunjo wake, hata pale mama alipounganisha ukindu mwekundu na mweupe panaonekana kwa kuwa ule wa rangi ni mnene kidogo.

Najua hii ni hila ya Ireland. Kwa mnara wa Westmorland nilipaswa kuweka alama za mbao tupu. Lakini sifuti.

Jumamosi, 1 Machi

Ramadhani imeingia. Kazi ni baada ya tarawehe, saa moja au saa moja na nusu tu, kisha kulala kabla ya daku. Kazi ya wakati huu ni ngazi ya mzunguko, na inafaa kwa mwezi wa subira.

Ngazi ya namna hii haina nguzo iliyojengwa kwanza. Kila kidato ni jiwe moja lenye umbo la kipande cha keki. Ncha yake ya ndani imechongwa mviringo, na mviringo huo hukalia mviringo wa jiwe la chini yake. Ukipanga vidato, nguzo ya katikati inajitokeza yenyewe. Nimechonga vidato 50 kutoka kwenye vijiti vya aiskrimu. Kidato cha 31 nilikipanga kinyume sikugundua mpaka cha 38.

Kuna hadithi inayorudiwa na kila mwongoza watalii: kwamba ngazi huzunguka kulia ili mlinzi aliye juu apate nafasi ya kutumia upanga kwa mkono wa kulia, na adui anayepanda abanwe mkono wake. Mimi siiamini sana. Mwizi akishafika kwenye ngazi yako, habari yako imekwisha. Naona ngazi hii ilipendwa kwa kuwa inaingia kwenye kona ya ukuta, haili chumba.

Ila ina kasoro moja, na kasoro hiyo nimeigundua kwa kidole. Nimejaribu kupandisha kwenye ngazi hiyo kitanda kidogo nilichochonga. Hakipiti. Gunia halipiti. Mtu na ndoo mbili za maziwa hapiti. Mtu anayeogopa kuuawa ataivumilia ngazi ya namna hiyo maisha yake yote. Lakini amani ikija, akawa na mavuno ya kupandisha na wazee wenye magoti mabovu, ataitazama siku moja na kusema basi. Kwa maoni yangu, ngazi ndiyo iliyomtoa mkulima mnarani kabla ya kitu kingine chochote.

Jumapili, 9 Machi

Nyumba ya shamba imesimama! Urefu mita 15, ghorofa mbili fupi, imeshikamana na mnara vizuri kabisa. Kwenye kona nilipishanisha mawe: jiwe moja la nyumba linaingia mnarani, jiwe moja la mnara linatoka kuingia nyumbani. Nilikuwa najivunia hasa kona hiyo.

Baada ya futari nimempigia ami kwa video.

“Shikamoo, ami.”

“Marahaba, mwanangu. Mwaendeleaje na saumu huko kwenye mawingu?”

“Alhamdulillahi. Ami, tazama.” Nimeizungusha simu polepole.

Kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

“Huu mnara na hii nyumba,” akasema, “kipi kilitangulia?”

“Mnara, ami.”

“Kwa miaka mingapi?”

“Mia. Pengine zaidi.”

“Sasa huyo mwashi wa nyumba alikutana wapi na mwashi wa mnara, wakashikana mikono hivyo?”

Sikuwa na la kujibu. Ameendelea kunieleza kwa upole, na hilo limeniuma kuliko kama angefoka. Ukuta unaojengwa siku moja hufungwa meno kwenye kona. Ukuta mpya unaokuja kwa ukuta mkongwe hauna meno ya kushika, isipokuwa uyachimbe. Na hata ukiyachimba, unajitafutia ufa. Mkongwe ameshakaa, ameshuka ardhini kadiri ya uzito wake, amemaliza. Mpya bado atashuka. Ukiwafunga pamoja, mpya akishuka atamchana mkongwe au atachanika yeye. Fundi mwenye akili huuleta ukuta mpya mpaka ugusane na wa zamani, akaacha mshono ulionyooka kutoka chini hadi juu, akaupaka plasta juu. Wageni hawauoni. Baada ya miaka plasta ikidondoka, mshono unasema nani alizaliwa kwanza.

“Sisi hapa,” akasema, “binti akiolewa twapandisha orofa juu. Uzito wote wamshukia wa chini, kwa hivyo lazima uwe wamuamini. Hao wenzako walikwenda kando. Kando ni mshono.”

Ijumaa, 14 Machi

Nimerudi vitabuni. Wanaosoma majengo haya hutafuta mshono huo kwanza kabla ya kutazama kitu kingine. Kuna na jingine linalonisumbua. Wengine wanasema minara mingi ya Cumbria haikuwahi kusimama peke yake: ubavuni ilikuwa na ukumbi wa mbao tangu mwanzo, mahali pa kupikia na kupokea wageni, na mnara ulikuwa chumba cha bwana na kimbilio. Mbao zikaoza, ukumbi wa mawe ukajengwa pale pale. Likiwa hivyo, nyumba ya shamba haikuvamia, ilirithi kiwanja.

Sizergh, kusini mwa Kendal, mambo yalikwenda hivyo kwa watu wenye fedha: mnara wa karne ya 14, ukumbi ubavuni, kisha mabawa zaidi, na familia ya Strickland imekaa hapo tangu mwaka 1239. Wa Sizergh waliongeza mpaka pakawa kasri. Wa Kentmere waliongeza kiasi cha shamba.

Kwenye plaiwudi, chini ya nyumba yangu, nimechora kwa penseli mstari hafifu wa ukumbi wa mbao ambao pengine ulikuwapo. Hakuna atakayeuona.

Jumamosi, 15 Machi

Siku ya kukata. Nimetumia kipande cha msumeno wa chuma, kutoka paani kwenda chini, vumbi jeupe kila mahali, na huku nimefunga. Plasta ya mnara imemeguka sehemu mbili. Nyumba imeachana na mnara kwa mlio kama wa biskuti.

Sasa nimesawazisha nyuso zote mbili kwa msasa, nikairudisha nyumba kwa kuisukuma tu, bila gundi. Imekaa. Pengo ni la unywele.

Kisha nimetoboa mlango kutoka nyumbani kuingia kwenye chumba cha tao. Mlango wa mnara wa aina hii ulikuwa mmoja, mwembamba, na uliulinda kwa roho yako. Anayetoboa mlango wa pili, wa chini, kwa ajili ya urahisi wa kubebea jibini, ni mtu ambaye hamwogopi tena mtu yeyote. Kwa kipimo changu ni kishimo cha milimita 30 kwenda ndani, kimekaa kama handaki. Ukiniuliza ni siku gani mnara unakuwa nyumba ya mkulima, nitakuonyesha tundu hilo.

Na chumba cha tao kilimfaa sana mkulima. Ni baridi mwaka mzima, giza, hakina panya wa darini. Siagi, jibini, nyama ya chumvi. Vyumba vya juu ndivyo vilivyokufa: hakuna anayelala humo, kwa hiyo hakuna anayepanda kutengeneza paa, mvua inaingia, vichwa vya boriti za mwaloni vilivyomo ukutani vinaoza kwanza, sakafu zinashuka moja baada ya nyingine. Zinaangukia tao, na tao linabeba.

Jumapili, 23 Machi

Meko. Katika nyumba za wakulima wa milima hii, chumba kikuu waliita nyumba ya moto, kwa sababu ndicho chenye meko. Meko yenyewe ni kama kichumba. Watu walikaa ndani yake pande mbili za moto, na juu yao dohani pana ambamo nyama ilitundikwa ikauke kwa moshi. Pembeni, ndani ya ukuta wa mbao, kulikuwa na kabati la mikate ya shayiri-pori, la mwaloni, limechongwa herufi za mume na mke na mwaka. Mengi yamechongwa miaka ya 1600, amani ilipokwisha kushika. Bibi yangu alipanga sahani zake za kaure kwenye zidaka za chokaa, na mama wa huku alionyesha mwaka wake wa ndoa mahali pa mkate.

Juu ya meko kunalala boriti kubwa, na boriti ya Kentmere Hall ina kisa. Inasimuliwa kwamba nyumba ilipojengwa, watu kumi walishindwa kuinyanyua, boriti ya futi 30. Akaja kijana wa bonde la jirani la Troutbeck, Hugh Hird, jitu la mtu, akainyanyua peke yake akaiweka mahali pake. Nasikia alikuwa anakula kondoo mzima kwa mlo mmoja. Nimeipenda hadithi hii kwa sababu mashujaa wa minara kwa kawaida hushika upanga, na huyu kazi yake ni ya kibarua wa ujenzi.

Futi 30 kwa kipimo cha 1 kwa 50 ni milimita 183. Nimeikata kutoka kwenye rula ya mbao ya mwanangu, kwa idhini yake. Namba zinaonekana ukichungulia: 7, 8, 9.

Jumamosi, 5 Aprili

Sikukuu imepita, nimenenepa, nimerudi kazini.

Paa la nyumba ni sleti. Mafundi wa huku hawapangi sleti za ukubwa mmoja. Kubwa huwekwa chini, ukingoni, na kila mstari unaopanda unapungua, mpaka mgongoni unakuta vipande vya kiganja. Jiwe likichimbwa hutoka kwa saizi zote, na hivi hakuna kinachotupwa. Tena maji mengi hupita chini, ambako sleti kubwa zina viungo vichache. Nimekata vipande 640 vya kadi ya kijivu. Mwanangu amekata 90 kati ya hivyo, na anataka iandikwe.

Kazi ngumu imekuwa pale paa linapougusa mnara. Maji yote ya ukuta wa mnara yanateremkia kwenye mstari huo, na ndiyo yatakayoingia kwenye mshono wa ami. Katika nyumba za huku utaona mawe membamba yamechomekwa ukutani juu kidogo ya paa, yanatokeza kama mdomo, ili maji yadondokee kwenye sleti badala ya kunywewa na kiungo. Nimechomeka 11, kwa ngazi-ngazi, kufuata mteremko.

Nimemtumia ami picha. Amejibu kwa sauti: “Sawa. Na usitie simiti hapo.” Nimemwambia ni plasta ya Paris tu. “Najua. Nakwambia kwa siku ya kweli.” Yuko sahihi, na wahifadhi majengo wa huku wangemuunga mkono: chokaa hupumua, huachilia unyevu utoke, simiti huufungia ndani, na ukuta wa kifusi ukishakunywa maji hautoi tena.

Jumamosi, 19 Aprili

Kesho ni Pasaka, ahadi ni deni.

Yaliyobaki: ukuta wa uani upande wa kusini, zizi, milango miwili, na kupaka nyumba chokaa ya kurusha. Choo cha ukutani kinavuja gundi. Nimejaribu kutengeneza mbwa, ametoka kama kondoo, kwa hiyo amewekwa na kondoo.

Mke wangu ameuzunguka mfano mara mbili, akainama, akachungulia ndani ya tao kwa tochi.

“Hili ni kawa la mama?”

“Ndilo.”

“Na mnara mbona hauna paa?”

“Hauna hata wa kweli.”

Amenyamaza, kisha ametaka kujua utakaa wapi. Juu ya kabati la chumbani, nimesema. Tumeunyanyua wawili, plaiwudi na vyote, tukafika kwenye mlango wa korido tukakwama: hauingii kwa upana, na kuuinamisha haiwezekani. Nimeitelezesha nyumba ikaachana na mnara, nikampa yeye ashike, nami nikachukua mnara. Tumepita kwa zamu.

Meza iko tupu tangu saa kumi. Ina mikwaruzo mitatu, nitaipiga msasa kesho asubuhi kabla wageni hawajafika.